Seva Nzuri ya Nyumbani ni Ile Isiyotoka Jasho

Wanaoniuliza kuhusu seva ya nyumbani, ile ya kuweka filamu, muziki na video za familia ili kila runinga na kila simu ndani ya nyumba izifikie, karibu wote huanza na prosesa. Nichukue i5 au i7? Ram nane inatosha? Mimi huwajibu kwa swali: runinga yako ni ya mwaka gani? Wengine huona nawakwepa. Siwakwepi. Runinga ndiyo inayoamua seva iwe na nguvu kiasi gani, na mara nyingi nguvu inayohitajika ni ndogo sana.

Seva ya namna hii, iwe inaendesha programu ya Jellyfin, Plex au Emby, ina kazi mbili ambazo uzito wake haulingani hata kidogo. Ya kwanza ni kutoa faili kwenye diski na kulipitisha mtandaoni kama lilivyo, runinga ikalifungua yenyewe. Hapo seva ni mtunza stoo: anapokea karatasi, anatoa mzigo, anarudi kukaa. Kazi ya pili inakuja pale runinga inapokataa faili. Mtunza stoo sasa anageuzwa fundi cherehani, anatakiwa kuifumua nguo na kuishona upya huku mteja amesimama mlangoni anasubiri. Huko kugeuza video papo kwa papo ndiko kunakokula prosesa, kunakopandisha joto na kuamsha feni saa nne za usiku watu wanataka kulala.

Ukishaelewa tofauti hiyo, maswali ya i5 na i7 yanapungua yenyewe. Lengo ni kuipunguzia seva kazi ya pili mpaka ibaki karibu na sifuri, kisha ununue mashine ya kufanya kazi ya kwanza. Kazi ya kwanza inafanywa hata na kompyuta ambayo ofisi imeitupa.

Kwetu mzigo mkubwa wala si filamu. Ni mikanda. Mikanda ya harusi, ya send-off, ya maulidi, kuanzia enzi za VHS, ikaja miniDV, zikaja DVD ambazo mpiga video alikuwa anazikabidhi na picha ya bibi harusi kwenye kava. Mikanda hii ndiyo inayowaumiza watu wanaponunua mashine kwa kufuata ushauri wa mitandao ya nje, kwa sababu huko wanazungumzia filamu za 4K. DVD imebanwa kwa MPEG-2, mtindo wa miaka ya 1990. Runinga nyingi bado zinaufungua, lakini simu na vivinjari haviutaki. Tena picha yenyewe imehifadhiwa kwa mistari inayopishana, nusu hamsini kwa sekunde, kwa sababu huku tulifuata PAL, ule mfumo wa zamani wa runinga. Shangazi akiifungua kwenye simu, seva inalazimika kuunganisha mistari na kugeuza video nzima, kwa mkanda ambao ubora wake ni mistari 576 tu.

Dawa yake haihitaji mashine kubwa. Geuza mara moja, mapema, usiku, kwa programu ya HandBrake ambayo ni ya bure, uipeleke kwenye H.264. Mtindo huo upo tangu 2003 na karibu kila chenye kioo kinaufungua: simu ya mtoto, runinga ya bibi, kompyuta ya kazini. Mkanda wa miniDV ukiuingiza kwenye kompyuta unachukua takribani gigabaiti 13 kwa saa. Ukiugeuza kwa megabiti 3 kwa sekunde unabaki na gigabaiti moja na kitu kwa saa, na kwa picha ya ubora ule hutaona tofauti ukiwa kwenye kochi. Faili la asili usilifute. Liweke kwenye diski nyingine ikae kabatini, maana siku moja utataka kuanza upya kwa njia bora zaidi. Ila liondoke kwenye seva.

Na hata kompyuta hiyo ya kugeuza ikiwa ya pole, shida iko wapi? Ikichukua saa tano badala ya mbili, utakuwa umelala.

Kwa filamu hali ni tofauti kidogo. Runinga za 4K za miaka hii karibu zote zinafungua HEVC, ule mtindo unaoitwa pia H.265, kwa hiyo faili kubwa linapita bila kuguswa. Wanaopata tabu ni wenye runinga za zamani za inchi 32 zisizoijua HEVC. Hapo kuna njia mbili: kununua seva yenye nguvu ili imhudumie huyo mzee mmoja wa chumbani, au kumchomekea kisanduku kidogo cha Android kinachofungua HEVC. Mimi sina kigugumizi, nanunua kisanduku. Kinakula wati chache, tena pale tu mtu anapotazama.

Kuna jambo jingine dogo linaloadhibu seva nyingi bila wenyewe kujua: maandishi ya chini ya picha, yale watu wanayaita subtaito. Yakiwa ni faili la SRT, yaani maandishi matupu, runinga inayaandika yenyewe na seva haijali. Yakiwa yametoka kwenye diski ya Blu-ray, ni picha, wala si maandishi, na runinga nyingi hazijui zifanye nini nazo. Basi seva inayachora juu ya video, fremu kwa fremu, na ili kuchora lazima ivunje video nzima na kuijenga upya. Mtu anaona filamu inakwamakwama, anaenda kununua prosesa kubwa, kumbe angetafuta SRT ya kilobaiti mia tu. Sauti ya DTS, mtindo mmoja wa sauti za filamu, nayo hukataliwa na runinga kadhaa, lakini kugeuza sauti peke yake ni kazi nyepesi. Hiyo isikunyime usingizi.

Sasa twende dukani.

Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya ubao mmoja, ndiyo wengi huanza kuitaja, na naipenda kwa mambo mengine. Kwa kazi hii siipendekezi tena. Pi 4 ya mwaka 2019 ilikuwa na sehemu maalumu ya kutengeneza H.264. Pi 5 ya 2023 ni ya kasi zaidi kwa kila kitu, lakini sehemu hiyo wameiondoa, kwa hiyo ikilazimika kugeuza video inatumia prosesa tupu na inakwama. Ukiongeza adapta yake, kasha, feni na mahali pa kuweka diski, hesabu inakaribia kompyuta ndogo iliyotumika ambayo ina kila kitu ndani.

Zile NAS za dukani, yaani visanduku vya kuhifadhi faili kwenye mtandao wa nyumbani, zenye nafasi za diski mbili au nne ni nzuri kwa asiyetaka kushika bisibisi. Ila kabla hujalipa soma jina la prosesa. Synology DS920+ ilikuwa na Celeron J4125 yenye chip ya picha ya Intel. Iliyoifuata, DS923+, ikaja na Ryzen R1600 isiyo na chip ya picha kabisa. Mpya zaidi, na kwa kugeuza video ni dhaifu zaidi. Anayenunua kwa kuangalia namba kubwa hawezi kulijua hilo.

Chip ya picha ya Intel naitaja sana kwa sababu ya kitu kinachoitwa Quick Sync, kilichoanza 2011. Ni sehemu ndani ya prosesa iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, kufungua na kufunga video, na inaifanya kwa umeme mdogo wakati prosesa yenyewe imepumzika. Nimesema lengo ni seva isigeuze chochote, lakini siku hazifanani: mgeni atakuja na simu isiyoelewana na faili, na siku hiyo Quick Sync inakuokoa. Cha kutazama ni kizazi, yaani toleo la prosesa ya Intel. Kizazi cha sita kinafungua HEVC ya kawaida. Cha saba ndicho kilichoanza kufungua na kufunga HEVC ya biti kumi, ambayo ndiyo inayotumika kwenye filamu za 4K zenye HDR, yaani mwanga na rangi pana zaidi. Cha nane, kwa upande wa video, kimerithi karibu yote ya cha saba. AV1, mtindo mpya zaidi wa kubana video, inaanza kufunguliwa kizazi cha kumi na moja. Na ukiona herufi F mwishoni mwa jina, kama i5-10400F, rudisha mezani: haina chip ya picha.

Hapo kwenye kizazi cha saba ndipo penye biashara nzuri kwa mtu wa hapa. Microsoft walisitisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanza na kizazi cha nane. Maofisi ya nje yana kompyuta za kizazi cha sita na cha saba ambazo kwao zimekwisha, na mashine za namna hiyo ndizo zinazotufikia kama used. Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, haina habari na kikomo hicho. Kompyuta yenye i5-7500T, ile herufi T ikimaanisha imebanwa wati 35, inafanya kila kitu ambacho seva ya familia inahitaji, na muuzaji anaiona kama mzigo wa kuondoa.

Majina ya kutafuta ni Dell OptiPlex Micro, Lenovo ThinkCentre Tiny, na HP EliteDesk au ProDesk Mini. Ni visanduku vya ukubwa wa kitabu kinene, vilivyokuwa vinafungwa nyuma ya vioo vya maofisi. Hapa Dar, Kariakoo utavikuta, Makumbusho utavikuta, lakini usitegemee muuzaji akuelewe haraka. Mazungumzo yenyewe huwa hivi:

“Bosi, hiyo ndogo ya nini? Chukua hii tawa, i7, ina na kadi ya gemu.”

“Hiyo ndogo ni kizazi cha ngapi?”

“Kaka, hiyo ni i5, inapiga kazi vizuri tu.”

“Naomba tuiwashe.”

Washa, ingia kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka, soma jina kamili la prosesa. Kwa majina ya tarakimu nne, ya kwanza baada ya i5- ndiyo kizazi: 7500T ni cha saba, 8500T cha nane. Hakikisha adapta wanayokupa ni ya mashine yenyewe. Nyingi za Dell na HP hupunguza mwendo wa prosesa zikichomekwa adapta zisizozitambua, na utabaki unajiuliza kwa nini mashine nzuri inatambaa.

Wenye bajeti ya mashine mpya wana visanduku vya Intel N100, prosesa iliyotoka mwanzoni mwa 2023: viini vinne, wati 6 kwenye karatasi, inafungua hadi AV1. Kama bei inalingana na ya i5 iliyotumika, chukua N100 kwa ajili ya umeme. Kama ni mara mbili, baki na i5.

Lakini chaguo langu mimi, ukiniambia nichague kwa nyumba ya Dar, ni laptopu iliyopasuka kioo. Najua haivutii. Laptopu yenye kizazi cha saba au cha nane ambayo kioo kimekwenda haina soko, mafundi wanaiuza kama spea. Ndani yake kuna prosesa ya umeme mdogo, chip ya picha ile ile ya Intel, na kitu ambacho kompyuta zile nyingine hazina: betri. Umeme ukikatika, haijui. Unaichomeka kwenye runinga siku ya kwanza ili uweke Debian, ambayo ni Linux, na Jellyfin, baada ya hapo hutakaa uhitaji kioo tena. Angalizo ni moja: betri inayokaa imejaa asilimia 100 mwaka mzima kwenye joto letu inavimba. Chukua modeli inayokuruhusu kuweka kikomo cha kuchaji. ThinkPad zinaruhusu, na kwenye Linux programu ya TLP inakuwekea kikomo cha asilimia 80 au chini yake. Kama betri imeshaanza kuinua kava, itoe, hakuna mjadala.

Tukifika kwenye umeme tumefika kwenye LUKU, na hapa ndipo lile tawa la i7 lenye kadi ya gemu linapoumbuka. Kompyuta ya mezani inayokula wati 60 ikiwa haifanyi chochote, ikiwaka saa 24, inamaliza uniti 43.2 kwa mwezi. Kisanduku au laptopu inayokula wati 10 inamaliza uniti 7.2. Kwa mteja wa kawaida, ambaye shilingi 1,000 inampa uniti 2.8, la kwanza ni zaidi ya shilingi 15,000 kwa mwezi na la pili ni kama 2,600. Kwa mwaka tofauti inapita laki moja na nusu, na bado hujatazama hata harusi moja.

Kwa walio kundi la D1, wale wa matumizi madogo, ni pabaya zaidi. Kundi hilo lina uniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 100 kila uniti, kabla ya tozo na kodi. Inayozidi hapo bei yake inaruka hadi 350. Seva ya wati 60 peke yake inakula zaidi ya nusu ya zile 75, friji haijaguswa, feni haijaguswa, pasi haijaguswa. Nimeona watu wanalaumu mita kumbe kuna tawa linanguruma chini ya meza. Usikubali maneno ya mtu kuhusu wati, mimi nikiwemo: kuna vipimo vidogo vya kuchomeka kwenye soketi, au soma mita yako ya LUKU kabla na baada.

Umeme pia una tabia zake. Mgao ule uliotusumbua kabla Bwawa la Julius Nyerere halijaanza kuzalisha Februari 2024 umepungua, lakini kukatika kwa dakika tano au saa moja bado kupo, na kinachoua vifaa mara nyingi ni ule umeme unaporudi kwa kishindo. Weka kinga ya fridge guard, ile inayosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme. Inagharimu kidogo kuliko adapta moja ya Dell. Kwenye visanduku vidogo ingia BIOS, tafuta mahali panapouliza mashine ifanye nini umeme ukirudi, chagua iwake yenyewe. Bila hivyo utasafiri kwenda Tanga, umeme ukatike mara moja, na nyumba nzima ikose seva mpaka urudi ubonyeze kitufe.

Diski ndiyo sehemu ninayowasihi watu watoe pesa waliyookoa kwenye prosesa. Mfumo wenyewe ukae kwenye SSD ndogo, diski isiyozunguka, gigabaiti 120 zinatosha na kubaki. Video zikae kwenye diski ya kawaida inayozunguka. Kuna diski za inchi 3.5, kubwa na nafuu kwa kila terabaiti, lakini zinataka volti 12 na adapta yake peke yake. Zile ndogo za inchi 2.5 zinakula umeme wa USB tu. Tofauti hii inaonekana ya kipuuzi mpaka uifikirie pamoja na laptopu: umeme ukikatika, laptopu inaendelea kwa betri, diski ndogo inaendelea nayo, kubwa inazimika katikati ya kuandika. Laptopu pamoja na diski ya inchi 2.5 ni mfumo mzima usiojua umeme umekatika. Ruta tu ndiyo inabaki kutafutiwa kibetri chake cha volti 12, navyo vipo madukani.

Diski hiyo usiiache na exFAT, mpangilio wa faili iliyotoka nao dukani, haina kumbukumbu ya kuirekebisha pale uandishi unapokatizwa. Iandae upya kwa ext4, mpangilio wa Linux. Nyingi za inchi 2.5 zenye nafasi kubwa ni za aina ya SMR, zile ambazo njia za data zimelaliana, kwa hiyo kuandika mfululizo kunakuwa kwa pole. Kwa video unazoandika mara moja na kusoma miaka kumi, haina neno. Kwa RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, ziepuke.

Ukinunua diski iliyotumika, omba uichomeke kwenye kompyuta ya muuzaji na ufungue CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski. Saa za kuwaka si tatizo sana. Tatizo ni mistari ya sekta, vipande vya diski, zilizohamishwa kwa kuharibika na zinazosubiri kuhamishwa: ikiwa na chochote zaidi ya sifuri, mrudishie kwa heshima. Na zile flashi za terabaiti mbili zinazouzwa bei ya chakula cha mchana, nunua chakula cha mchana. Ukitaka kuhakikisha ukubwa wa kweli, programu ya F3 inaandika mpaka mwisho na kusoma tena.

Walio mbali nao wanataka kutazama. Nina ndugu Mwanza na wengine Leicester, Uingereza, na intaneti nyingi za nyumbani hazikupi anwani ya kufikika moja kwa moja kutoka nje. Mimi natumia Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa mtandao wa faragha, inapita bila kufungua mlango wowote kwenye ruta. Faili la megabiti 3 linapita hata kwenye kasi ndogo ya kupakia, na hapo ndipo ile kazi ya HandBrake inapolipa tena: hata kwa mtu wa Leicester seva haigeuzi kitu. Plex ni rahisi zaidi kwa wazee, lakini tangu Aprili 2025 kutazama kutoka nje ya nyumba kunalipiwa, na leseni yake ya maisha ilipanda kutoka dola 119.99 hadi 249.99. Jellyfin, iliyochipuka kutoka Emby mwaka 2018 baada ya Emby kufunga msimbo wake, haidai kitu, hata kwa kutumia Quick Sync.

Nakala ya pili ya mikanda inakaa kwa kaka Morogoro, diski ya USB ndani ya mfuko wenye vifuko vya kunyonya unyevu. Kila Idi inakuja Dar, naisoma afya yake kwanza kwa smartctl, naiendeshea rsync, programu ya kunakili faili, usiku kucha, inarudi naye. RAID sina, na kwa ukubwa wa maktaba yetu sioni itanisaidia nini ambacho basi la Morogoro halinisaidii.